Magati ya Kale ya Uingereza: Mwongozo wa Kuyazuru na Kuyapiga Picha

Mwongozo huu ni wa msomaji anayeishi Uingereza au anayekwenda huko kwa muda, mwenye kamera ya kawaida au simu nzuri, na anayetaka kupata picha za magati ya kale zilizo tofauti na zile zinazouzwa kwenye kadi za posta. Gati linalozungumziwa hapa si la kupakulia makontena kama yale ya Dar es Salaam au Mombasa. Ni daraja refu la mbao na chuma lililonyooshwa kutoka ufukweni kuingia baharini bila kufika ng'ambo yoyote. Watu wa karne ya 19 walilijenga kwanza ili abiria washuke melini bila kuloa, kisha wakaona kwamba kutembea tu juu yake ni starehe ambayo watu wako tayari kuilipia. Wengi huanza kazi hii kwa kuuliza habari za kamera na lenzi. Kwa maoni yangu, swali la kwanza linapaswa kuwa la maji: yatakuwa wapi saa utakayofika.

Hatua ya 1: Chagua gati ukijua kwa nini unalitaka

Gati la Ryde, katika kisiwa cha Wight, lilifunguliwa mwaka 1814, na ndilo kongwe kuliko yote ya aina hii. Maji yanapokupwa, ufuko wa Ryde huacha uwanda mpana wa tope na mchanga, na kabla ya gati abiria walibebwa au walipakiwa mikokoteni ili wafike nchi kavu. Ujenzi wa namna hiyo ulikuwa mgumu mpaka Alexander Mitchell, mhandisi wa Ireland aliyekuwa kipofu, aliposajili mwaka 1833 hataza ya nguzo yenye ncha ya parafujo, ambayo huzungushwa hadi ikajikita ndani ya mchanga. Mhandisi Eugenius Birch aliichukua mbinu hiyo akaitumia Margate, katika gati lililofunguliwa mwaka 1855, kisha akajenga mengine mengi, yakiwemo North Pier la Blackpool (1863), West Pier la Brighton (1866), Eastbourne (1870) na Hastings (1872). Ukiyajua haya, utaelewa kwa nini nguzo za magati mengi ni nyembamba kiasi kile, na kwa nini wembamba huo ndio unaovutia kwenye picha.

Mwanzoni mwa karne ya 20 magati ya starehe yalikaribia mia moja. Takriban nusu yake yametoweka kwa moto, dhoruba, kugongwa na meli au kukosa fedha za ukarabati. Yaliyobaki hayafanani. Yako yenye michezo ya sarafu, muziki na harufu ya chipsi, kama Palace Pier la Brighton na magati matatu ya Blackpool. Yako ya utulivu, kama Clevedon katika Somerset na Garth la Bangor huko Wales. Yako yanayotumika hadi leo kwa usafiri, kama Ryde, ambako treni hufika hadi kwenye kichwa cha gati. Na yako magofu. Kwa safari ya kwanza ningemshauri mtu aende Clevedon au Bangor kabla ya Brighton, kwa sababu kwenye magati ya utulivu jicho hupata nafasi ya kuuona muundo wenyewe, ilhali kwenye yale ya michezo mabango na taa huutawala mchezo mzima.

Hatua ya 2: Hakikisha liko wazi, kisha panga usafiri

Magati hufungwa ghafla kwa upepo mkali, kwa ukarabati, au kwa sababu mbao zimeoza. La Southport, ambalo ni la pili kwa urefu nchini, lilifungwa Desemba 2022. Kwa hiyo soma tangazo la mwenye gati siku ile ile ya safari. Baadhi hutoza kiingilio, ikiwemo Clevedon, na huko Southend hulipia treni ndogo inayokupeleka hadi mwisho. Mwisho huo uko mbali: Southend ndilo gati la starehe refu kuliko yote duniani, takriban kilomita 2.16, na mtu anayekwenda na kurudi kwa miguu huku amebeba tripodi (kiegemeo cha kamera cha miguu mitatu) atalisikia kila hatua mgongoni.

Treni za kawaida hufika Brighton, Southend, Cromer, Saltburn, Llandudno na Wemyss Bay. Clevedon haina kituo, hivyo hushuka Yatton na kuendelea kwa basi au teksi. Kwa Ryde, boti ya abiria itokayo Portsmouth hukushusha juu ya gati lenyewe, na hiyo ni njia ya kuliingia kama lilivyokusudiwa kuingiwa.

Hatua ya 3: Soma maji kabla ya kusoma mwanga

Msomaji aliyekulia pwani anajua kupwa na kujaa, bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na maji mafu (yanapobadilika kidogo), na ujuzi huo anaweza kwenda nao kama ulivyo. Kinachobadilika ni ukubwa. Zanzibar na Mombasa tofauti kati ya maji makavu na maji makuu wakati wa bamvua ni kiasi cha mita nne, lakini kwenye mkono wa bahari wa Bristol, ambako gati la Clevedon limesimama, tofauti hiyo hukaribia mita 14. Maana yake ni kwamba gati lile lile ni vitu viwili: saa moja limekaa chini karibu na maji kama daraja la bustanini, na saa sita baadaye limeinuka juu ya miguu mirefu myembamba, likiwa na mwani na alama za maji hadi mahali ambapo asubuhi mashua ingeelea.

Taasisi ya ramani za bahari ya Uingereza, UK Hydrographic Office, hutoa bure kwenye intaneti jedwali la maji la siku saba zijazo kwa bandari nyingi. Unapolisoma, angalia mambo mawili. Kwanza, majedwali mengi huandikwa kwa saa za Greenwich, na majira ya joto saa za nchi hiyo husogezwa mbele kwa saa moja. Usipoiongeza, utafika maji yamekwisha kugeuka. Pili, saa zote huhesabiwa kuanzia usiku wa manane, hivyo 04:30 kwenye jedwali ni saa kumi na nusu alfajiri kwa hesabu yetu. Katika mwongozo huu nitaandika saa kama zinavyoonekana kwenye jedwali.

Bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na kwa kila bandari hupwa na kujaa karibu saa zile zile za siku. Hapa ndipo mpango mzuri unapopatikana. Brighton, maji ya bamvua hupwa karibu na saa 06:00 na saa 18:00, hivyo mwezi Machi na Septemba maji makavu kabisa hukutana na machweo, na mchanga uliolowa hung'aa chini ya gofu la West Pier. Clevedon ni kinyume: bamvua hujaa jioni, kwa hiyo machweo ya majira hayo hukuta maji yamefika juu, na ukitaka kuiona miguu yote huna budi kwenda mchana. Anayetaka miguu pamoja na machweo hapo Clevedon atafute siku za maji mafu, akubali kwamba maji hayatapwa sana.

Sasa onyo. Tope la Southend, Weston-super-Mare na Clevedon si la kukanyagwa. Kwa macho linaonekana gumu, lakini humeza mguu hadi gotini, na maji yanaporudi kwenye ufuko tambarare huja kasi kuliko mtu anavyoweza kujinasua. Piga picha ukiwa kwenye changarawe, ngazi au barabara ya ufukweni. Ukiona mtu amekwama, piga 999, omba walinzi wa pwani, wala usimfuate.

Hatua ya 4: Jua gati limeelekea wapi

Fungua ramani, tazama gati limenyooka kuelekea upande gani, kisha linganisha na mahali jua litakapozama. Uingereza iko kaskazini mno kiasi kwamba jua huhama sana kati ya msimu na msimu, jambo ambalo mtu wa Ikweta halizoei. Magati ya Brighton yameelekea kusini. Desemba jua huzama kusini-magharibi, juu ya maji, na mpiga picha hupata gofu jeusi dhidi ya anga la rangi. Juni huzama kaskazini-magharibi, nyuma ya majengo ya mji, na anga hilo hulipati. Cromer, kwenye pwani ya Norfolk, imeelekea kaskazini, na katikati ya kiangazi jua huchomoza baharini kiasi cha saa 04:30 na pia huzama baharini baada ya saa 21:00. Clevedon hutazama magharibi kuelekea milima ya Wales, na inafaa kwa machweo karibu mwaka mzima.

Urefu wa mchana nao huamua mengi. Glasgow ya Desemba jua huchomoza karibu saa 08:45 na kuzama kabla ya saa 15:45, na siku nyingi hulioni kabisa. Mawingu yasikuvunje moyo: chuma chenye nakshi hupigwa vizuri zaidi chini ya mawingu mepesi kuliko chini ya jua kali, linaloficha nusu ya nakshi ndani ya kivuli.

Hatua ya 5: Vifaa, na namna ya kuviweka

Simu inatosha kwa sehemu kubwa ya kazi, mradi utumie lenzi yake kuu, kwani ile pana sana hupinda nguzo za pembeni. Mwenye kamera achukue lenzi ya upana wa wastani, nyingine ya kuvuta karibu, tripodi, kichujio cha kupunguza mwanga, na vitambaa kadhaa vya kufutia. Povu la bahari huacha chumvi kwenye kioo hata usipoliona. Futa kwanza kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo na chumvi, kisha kikavu, kwa sababu ukisugua chumvi kavu unakwaruza lenzi.

Kwa kuanzia, weka ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 100 na tundu la lenzi kati ya f/8 na f/11. Ukitaka wimbi liache michirizi kuzunguka nguzo, iache shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) wazi kati ya nusu sekunde na sekunde mbili. Ukiacha sekunde 30 au zaidi, bahari yote hulainika. Mtindo huo umetumiwa kupita kiasi, na mahali pengine haufai kabisa: maji ya mto Severn yanayofika hadi Clevedon, yaliyojaa udongo, hugeuka uji. Afadhali kuacha mkondo uonekane unavyozipiga nguzo, maana nguvu hiyo ndiyo iliyomlazimisha mhandisi ajenge alivyojenga. Gati likiwa mbele ya anga lenye mwanga, pima mwanga wa anga na uache chuma kiwe cheusi. Umbo lake peke yake linatosha.

Usisimamishe tripodi juu ya gati kwa picha ya shata ndefu bila kujaribu kwanza. Mbao hutikisika mtu akipita, na huko Southend treni ikipita husikia mtikisiko miguuni. Tena mbao huachiwa nafasi katikati ili maji yapite, na miguu myembamba ya tripodi hupenya humo, sawa na funguo, kadi za kumbukumbu na simu. Mfuko wenye zipu si anasa.

Hatua ya 6: Kazi yenyewe, kutoka mbali hadi karibu

Anza mbali. Zunguka upate gati lote kutoka ubavuni, ukitumia lenzi ya kuvuta. Kwa Llandudno, lenye urefu wa mita 700 na lililofunguliwa mwaka 1877, mlima wa Great Orme hukupa kimo cha kulitazama kutoka juu. Kisha sogea chini ya gati, maji yakiwa yanapwa, kamwe si yanapojaa. Saltburn, gati pekee la starehe lililobaki Yorkshire, linafaa sana kwa hili. Simama katikati kabisa ya safu mbili za nguzo, shusha kamera hadi kiunoni, na uhakikishe mstari wa upeo wa macho umelala sawa. Kosa la sentimita chache kushoto au kulia huonekana mara moja, kwa kuwa kila kitu kinakimbilia nukta moja. Usiegemee nguzo: magamba yaliyoganda juu yake hukata ngozi kama wembe, na mwani ulio kwenye mawe huteleza.

Juu ya gati, watu wengi hupiga picha ya mwisho wa njia na kuondoka. Inama. Clevedon ndipo mahali pa kujifunzia. Gati hilo, lililofunguliwa mwaka 1869, limejengwa kwa reli za aina ya Barlow zilizokuwa zimeondolewa kwenye njia ya treni ya kusini mwa Wales. Ziliunganishwa mbili mbili, mgongo kwa mgongo, kwa ribiti (misumari minene ya chuma), na kupindwa kuwa matao. Ukitazama mguu mmoja kwa lenzi ya kuvuta utaiona mistari ya vichwa vya ribiti ikipanda juu, rangi juu ya rangi, na chini yake ule mkunjo mpana wa reli ambao fundi wa treni angeutambua. Mwaka 1970, wakati wa kulipima uwezo wake kwa kuweka matanki ya maji juu yake, matao mawili ya upande wa bahari yalianguka. Lilifunguliwa tena mwaka 1989, na leo lina ulinzi wa juu kabisa wa kisheria kwa majengo ya kale. Picha ya ribiti zile, ikiwekwa pamoja na ile ya gati zima, huwa na maelezo ambayo picha mia za machweo hazina.

Bangor, lililofunguliwa mwaka 1896, huvuka zaidi ya nusu ya mlango-bahari wa Menai likielekea kisiwa cha Anglesey, na vibanda vyake vina mapaa yenye umbo la kitunguu. Hapo piga vibanda vikiwa mbele na milima ya Eryri (Snowdonia) nyuma, asubuhi yenye hewa safi.

Magofu yana namna yake. West Pier la Brighton lilifungwa mwaka 1975, likaanguka kwa sehemu Desemba 2002, likaungua mara mbili mwaka 2003, na kilichobaki baharini ni mifupa ya chuma tu. Usiogelee wala kupiga kasia kulikaribia. Kuanzia Novemba hadi mwishoni mwa majira ya baridi, maelfu ya kwezi hukusanyika hewani kabla ya giza na kuruka kwa mawimbi kabla ya kutua kulala kwenye magati ya mji huo. Fika nusu saa kabla ya machweo, weka ISO 1600 au zaidi, shata 1/250 ukitaka ndege mmoja mmoja, au 1/8 ukitaka kundi liwe moshi.

Hatua ya 7: Magati ya Uskoti, kwenye loch

Loch ni jina la Kiskoti la ziwa, na pia la mkono mwembamba wa bahari unaoingia kati ya milima, na kwa mpiga picha tofauti hiyo ni kubwa. Loch Lomond na Loch Katrine ni maji yasiyo na chumvi, yasiyopwa wala kujaa, kwa hiyo hapo jedwali unalolihitaji ni la upepo: alfajiri tulivu gati na kivuli chake huonekana majini, na upepo ukianza kila kitu huvurugika. Loch Fyne, Loch Long na loch nyingine za bahari hufuata maji kama pwani yoyote.

Magati haya ni mafupi, ya mbao nzito, bila michezo wala taa. Yalikuwa vituo vya meli za moshi zilizowachukua watu wa Glasgow kwenda kupumzika, na picha yake kamili ni ile yenye meli. Bahati nzuri meli zipo. Kwenye gati la Trossachs, Loch Katrine, iko Sir Walter Scott, iliyojengwa Dumbarton mwaka 1899, ikafunguliwa vipande, ikavushwa kwa maji ya Loch Lomond na kupandishwa kwa mikokoteni ya farasi hadi ziwani, ambako iliunganishwa upya. Msomaji anayeijua habari ya meli ya Liemba, iliyofikishwa Kigoma ndani ya makasha kwa reli, ataona kwamba mafundi wa zama hizo walikuwa na jibu moja kwa tatizo moja. Balloch, mwisho wa kusini wa Loch Lomond, imefungwa Maid of the Loch, meli ya magurudumu ya kasia iliyozinduliwa mwaka 1953.

Iliyo muhimu kuliko zote ni Waverley, iliyoanza kazi mwaka 1947, meli ya mwisho duniani ya magurudumu ya kasia inayobeba abiria baharini. Katikati ya kiangazi hufanya kazi kwenye mlango mpana wa mto Clyde na loch zake, ikitia nanga kwenye magati kama Dunoon na Blairmore, na sehemu nyingine za msimu hushuka hadi Clevedon na pwani ya kusini. Pata ratiba yake, fika saa moja kabla, na usimame ufukweni badala ya juu ya gati, ili upate dakika ile inapokaribia: gurudumu linageuzwa kurudisha nyuma, povu jeupe linatapakaa chini ya nguzo, na mtu wa gatini anadaka kamba.

Wemyss Bay haimo kwenye loch, lakini usiipite. Kituo cha treni cha mwaka 1903 kimeunganishwa na gati la feri ya Rothesay kwa njia iliyoezekwa vioo na chuma, inayoteremka kwa mzingo hadi majini. Hapo piga mvua inyeshe isinyeshe.

Kuanzia Mei hadi Septemba, asubuhi na jioni zisizo na upepo, usubi wa Uskoti huwavamia watu kwa makundi. Beba dawa ya kujipaka na chandarua cha kichwa. Bila hivyo hutavumilia hata picha moja ya shata ndefu.

Hatua ya 8: Ruhusa na adabu

Kwenye barabara au ufuko wa umma unaruhusiwa kupiga picha bila kibali. Gati, hata hivyo, lina mwenyewe, awe halmashauri, kampuni au jumuiya ya wenyeji, naye anaweza kukataza tripodi, kazi ya biashara au droni. Droni ina masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya nchi hiyo, ikiwemo usajili na kikomo cha urefu wa mita 120, nayo husomwa upya kabla ya kila safari kwa kuwa hubadilika. Wavuvi wa ndoana wana haki na mahali pao. Usipite nyuma ya mtu anayerusha mshipi, na ukitaka sura yake, msalimie kwanza. Watoto wa watu usiwapige kwa karibu bila idhini ya wazazi. Kwenye magati ya feri, kaa nyuma ya mstari uliochorwa, na usiegeshe gari penye foleni ya wasafiri.

Hatua ya 9: Hifadhi picha pamoja na taarifa zake

Gati la Eastbourne liliungua kwa sehemu Julai 2014, na la Hastings liliteketea karibu lote mwaka 2010 kabla ya kujengwa upya na kufunguliwa mwaka 2016. Picha za watu wa kawaida zilizopigwa kabla ya matukio kama hayo huonyesha umbo la kibanda, rangi ya uzio na idadi ya mabenchi kwa namna ambayo michoro ya zamani haionyeshi. Kwa hiyo, ukifika nyumbani, nyoosha kwanza mstari wa upeo wa macho, kisha wima wa nguzo, na usifute vitu vilivyokuwepo, hata pipa la taka. Katika maelezo ya kila faili andika jina la gati, tarehe, saa, kimo cha maji kwa mujibu wa jedwali, na mahali uliposimama, mfano: «Clevedon, kutoka ngazi za kusini, maji yakipwa, saa mbili baada ya kujaa». Nakala ya pili iweke nje ya kompyuta hiyo hiyo, na chache zilizo bora zipeleke kwa jumuiya ya wenyeji inayolitunza gati, pamoja na maandishi yanayoeleza kama wanaruhusiwa kuzichapisha.